Mkoba wa mishono ya almasi: kwa nini kipande hupungua na kifuniko huinuka

Swali: Fundi, nataka kujishonea mkoba wa cheni wenye mishono ya almasi, wa mtindo ule wa Chanel. Nilijaribu kwa ngozi bandia na cherehani yangu ya kawaida ya nyumbani. Kipande kilipungua baada ya kushonwa, kifuniko kinainuka mbele badala ya kulala, na pembe za chini zimejaa mikunjo. Nimekosea wapi, na nikianza upya nifuate mpangilio gani?

Jibu: Kasoro zote tatu zina mzizi mmoja. Ulipima kana kwamba unashona kitambaa kitupu, kumbe unashona ngozi juu ya sponji. Kitambaa chepesi kina urefu na upana, basi. Mkoba huu una unene, na unene unakula sentimita kila unapopiga mshono, unapokunja na unapozunguka pembe. Ukiuhesabu kabla ya kushika mkasi, cherehani ya nyumbani inaiweza kazi hii bila shida.

Kwanza neno moja kuhusu mtindo wenyewe. Mkoba wa Chanel unaoitwa 2.55 ulipata jina hilo kutokana na mwezi ulipotoka, Februari 1955, na cheni yake ilikusudiwa kuning'inia begani ili mikono ibaki huru. Loki yenye herufi mbili za C zilizopishana ilikuja baadaye, miaka ya 1980, wakati wa Karl Lagerfeld, mbunifu wa Chanel wa siku hizo. Mishono ya almasi, cheni na kifuniko utavikuta kwenye mikoba ya watengenezaji wengi. Zile herufi na lile jina ni alama ya biashara ya watu, na ukizibandika kwenye kazi yako umeshona mkoba feki, hata mishono iwe safi namna gani. Nunua loki ya kuzungusha isiyo na maandishi, au tumia kifungo cha sumaku kilichofichwa, ambacho kwa kazi ya kwanza ndicho ninachokipendekeza.

Vipimo

Tuchukue mkoba wenye upana wa sm 24, kimo sm 16 na kina sm 7. Sehemu ya nje ina vipande vitatu tu: kipande kikuu kirefu kinachoanzia mbele, kupita kwenye kitako, kupanda nyuma na kumalizikia kwenye kifuniko, pamoja na mbavu mbili, yaani vipande vya pembeni. Ukitenganisha kitako au kifuniko na kukiunganisha kwa mshono, unajiongezea tabaka mahali ambapo cherehani tayari inahema.

Kwa hesabu ya haraka, kipande kikuu kingekuwa 16 + 7 + 16 + 17, yaani sm 56, na kila ubavu 16 kwa 7. Hapa ndipo mikunjo yako ya pembeni ilipozaliwa. Pembe za chini za ubavu hukatwa mviringo, kwa kuwa kona kali haigeuki vizuri kwenye ngozi bandia. Ukizungusha pembe kwa nusu kipenyo cha sm 2, kila pembe inapoteza takriban sm 0.86 ya ukingo wake. Pembe mbili, sm 1.7. Ukingo wa ubavu haubaki sm 39 tena, unakuwa sm 37.3, ilhali kipande kikuu bado kina 39. Zile sentimita 1.7 zilizobaki lazima zijikunje mahali, na zikajikunja palepale kwenye pembe. Ziondoe kwenye kitako: hesabu sm 5.3 badala ya 7.

Kwa hiyo kipande kikuu, pamoja na sentimita moja ya mshono kila upande, kinakatwa sm 56.3 kwa 26. Mbavu zinakatwa sm 18 kwa 9, pembe za chini zikiwa mviringo wa sm 2 kwenye mstari wa mshono (kwenye ukingo wa kukatia zitakuwa sm 3). Pembe za mbele za kifuniko zizungushe kwa sm 3. Mdomo wa kikombe au kifuniko cha kopo chenye kipenyo cha sm 6 kinatosha kuchorea. Chora kila kitu kwenye manila, utie alama ya katikati kwenye kila ukingo. Bila alama hizo utakuwa unakisia baadaye.

Kipande kikuu usikikate bado.

Vifaa

Ngozi bandia iwe nyembamba, milimita 0.6 hadi 0.8, yenye mgongo wa kitambaa. Ile nzito ya kufunikia viti iache. Sponji iwe ya milimita 3. Wengi hununua ya milimita 6 au 10 wakidhani almasi zitajaa zaidi. Zinajaa kweli, halafu kifuniko hakilali na mishono ya kuunganisha haipiti chini ya mguu wa cherehani. Chini ya sponji weka pamba nyepesi, hata shuka kuukuu safi linafaa. Tabaka hili watu huliruka, na matokeo yake sponji inakwaruzana na meno ya cherehani, inakwama, na mishono inazama ndani hadi kuichana.

Uzi uwe wa poliesta. Sindano namba 14, mpya. Kwa ngozi bandia nyembamba usikimbilie sindano ya ngozi yenye ncha bapa, kwa kuwa inakata tundu badala ya kulitoboa, na tundu kwenye ngozi bandia halizibi. Kwa sababu hiyohiyo weka hatua ya mshono kati ya milimita 3 na 3.5. Ukishona kwa hatua fupi ya nguo, mstari wako unakuwa kama matundu ya stempu, na siku mkoba ukivutwa utachanika papo hapo. Pini pia hazina nafasi hapa; tumia vibanio.

Mguu wa kawaida wa chuma hunata kwenye uso wa ngozi bandia. Ukiwa na mguu wa plastiki laini wa teflon, au mguu wa kutembea unaovuta tabaka la juu na la chini kwa pamoja, vizuri sana. Ukikosa, bandika utepe wa karatasi chini ya mguu, ukiacha wazi njia ya sindano, na upunguze mkandamizo wa mguu.

Mishono ya almasi

Kanuni ya kazi hii ni kushona kwanza, kukata baadaye. Wewe, bila shaka, ulikata kwa kipimo halafu ukashona. Kila mstari unaipeleka ngozi chini kwenye sponji, na ile ngozi inayozama lazima itoke pembeni, hivyo kipande kinasinyaa kwa urefu na kwa upana.

Kiasi cha kusinyaa kinategemea sponji yako, uzi wako na mkazo wa cherehani yako, kwa hiyo kipime. Chukua mabaki ya sm 30 kwa 30 ya tabaka zote tatu, chora katikati mraba wa sm 20, jaza mishono ya almasi, kisha upime tena ule mraba. Tuseme umebaki sm 19.4. Gawanya 20 kwa 19.4, unapata 1.03. Hiyo ndiyo namba ya kuzidishia vipimo vya almasi utakazochora; manila inabaki na vipimo vyake. Jaribio hilohilo litakuonyesha kama mkazo wa uzi uko sawa na kama sindano inaruka mishono.

Almasi zenye upana wa sm 4 na kimo cha sm 5 zinakaa vizuri kwenye mkoba wa sm 24, kwa sababu 24 inagawanyika kwa 4 bila baki: zinaingia sita kamili, na pande mbili za mkoba zinafanana. Ukitumia namba ya 1.03, chora 4.12 kwa 5.15. Kata tabaka zote tatu zikiwa na ziada ya sm 4 kila upande, yaani karibu sm 65 kwa 34. Piga mstari wa katikati wa wima, weka alama za kila sm 4.12 kwenye mistari ya ulalo na kila sm 5.15 kwenye mistari ya wima, hakikisha ncha za almasi zinaangukia kwenye mstari wa katikati, halafu unganisha alama kwa mshazari. Mistari iliyo sambamba itakuwa na nafasi ya takriban sm 3.2 kati yake.

Kuchora kwenye uso wa ngozi bandia kunahitaji tahadhari. Wino wa kalamu unapenya na hautoki. Kipande cha sabuni kilichochongwa kinafaa kwenye rangi za giza. Kwenye rangi nyepesi ni salama zaidi kuchora kwenye ile pamba ya nyuma na kushona uso ukiwa chini. Hapo uzi utakaoonekana ni wa bobini, kwa hiyo tumia uzi ule mzuri huko na ujaribu mkazo kwanza.

Shikanisha tabaka kwa gundi ya kunyunyiza, kidogo tu, au piga bandi ndefu (mishono ya muda) kuzunguka ukingo ndani ya ile ziada. Anza na mshazari unaopita katikati kabisa, kisha ule unaoukata. Baada ya hapo jaza kutoka katikati kwenda nje, mistari yote ya mwelekeo mmoja ikianzia ukingo uleule. Usiende na kurudi kama anayelima: mguu unasukuma ngozi upande mmoja, kisha upande mwingine, na kati ya mistari miwili ngozi inajipinda mawimbi ambayo hakuna pasi ya kuyatoa. Usishone nyuma-mbele mwishoni mwa mstari. Miisho itafungwa na mishono ya kuunganisha.

Sasa ndipo unaweka manila juu, ukilinganisha katikati, unachora na kukata. Mara tu baada ya kukata, zungusha mshono mmoja milimita 8 kutoka ukingoni, kwa kuwa mistari uliyoikata inaanza kufumuka ukiishika tu. Kisha fungua tabaka pole pole pembezoni na uiondoe sponji yote iliyo nje ya mshono huo kwa mkasi mdogo. Ni kazi ya kuchosha, na kishawishi cha kuiruka ni kikubwa, lakini sponji ikibaki kwenye nafasi ya mshono, mahali pa kuungania panakuwa mbao.

Mbavu ziache bila almasi. Kulinganisha almasi za ubavu na za mbele kunawasumbua hata mafundi wenye mashine nzito, na ubavu laini hukunjika vizuri zaidi mkoba unapofungwa. Uutilie kitambaa cha gundi mgongoni. Ukikipiga pasi, iwe ya moto mdogo, upande wa nyuma, na kitambaa cha kukinga. Pasi ikigusa uso wa ngozi bandia, uso unayeyuka.

Kuunganisha mbavu

Kabla ya kuunganisha, shona vishikio vya cheni kwenye mbavu. Kata ukanda wa ngozi wa sm 2 kwa 6, uupitishe kwenye pete ya D ya sm 2, uukunje, uushone juu ya ubavu ukiwa sm 2.5 chini ya ukingo wa juu. Nyuma yake weka kipande cha kitambaa kigumu cha sm 4 kwa 4 na ushone mraba wenye msalaba ndani yake. Uzito wote wa mkoba uko hapo. Kikishonwa kwenye ubavu mtupu, kishikio kitang'oka pamoja na kipande cha ngozi.

Sasa chanja ukingo wa kipande kikuu mahali patakapozunguka pembe: chale za milimita 6, zikiachana kwa milimita 5. Chanja kipande kikuu, siyo ubavu, maana chenye kulazimika kujipinda ni kile. Linganisha katikati ya kitako na katikati ya chini ya ubavu, bana, kisha bana ncha za juu, kisha pembe. Shona kuanzia katikati ya kitako kupanda upande mmoja, rudi katikati, panda upande wa pili. Ukishona kwa mkupuo mmoja kutoka ncha hadi ncha, tabaka la juu litatangulia na utafika mwisho likiwa limezidi. Kwenye pembe achana na kanyagio. Zungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikiwa chini, inua mguu, geuza kidogo, endelea.

Upande wa nyuma, pale ubavu unapoishia na kifuniko kinapoanzia, simama sentimita moja kamili kabla ya ukingo wa juu wa ubavu na urudishe mishono mitatu. Kisha chanja nafasi ya mshono ya kipande kikuu hadi kwenye ile tundu ya mwisho ya sindano. Ukiishia milimita 2 kabla yake, kutakuwa na kikunjo. Ukiipita, kutakuwa na tundu lisilozibika. Ni chale mbili tu kwenye mkoba mzima, lakini ndizo zinazoamua kama shingo ya mkoba itakaa safi.

Bitana na kifuniko

Bitana, yaani kitambaa cha ndani, ya tumbo ni vipimo vilevile, ukipunguza milimita 3 kila upande ili isijikunje ndani. Mfuko wa ndani ushone kabla ya kuunganisha. Acha uwazi wa sm 16 kwenye mshono wa ubavu mmoja, ukipitia chini, maana mkoba mzima utapita hapo.

Bitana ya kifuniko ndiyo dawa ya tatizo lako la pili. Kifuniko kinatoka nyuma, kinapita juu na kushuka mbele. Katika mgeuko huo tabaka la nje linasafiri njia ndefu kuliko la ndani. Tofauti kati yao, kwa unene huu, ni karibu sm 0.8. Ulipokata bitana sawa na ngozi, ile bitana ya ziada ikawa inasukuma kifuniko juu. Kata bitana ya kifuniko fupi kwa sm 0.8 na nyembamba kwa milimita 3 kila upande. Unapoibana na ngozi itaonekana haitoshi. Ivute kidogo ilingane. Ukishageuza, kifuniko kitajipinda chenyewe kuelekea ndani, na mshono utajificha chini badala ya kuchungulia pembeni.

Sababu ya pili ya kuinuka ni kitambaa kigumu kilichowekwa kwenye kifuniko kizima. Kiweke kwenye sm 9 za mwisho peke yake, ile sehemu inayoning'inia mbele. Panapogeuka paachwe laini.

Kabla ya kuunganisha bitana, funga nusu nyembamba ya kifungo cha sumaku kwenye bitana ya kifuniko, katikati, sm 3 kutoka ukingo wa mshono, kikiwa na kipande cha kitambaa kigumu nyuma yake. Nusu ya pili usiifunge bado. Ingiza mkoba ndani ya bitana, uso kwa uso, bana kuanzia zile chale mbili, shona kuzunguka kifuniko chote, kisha kivyake shona mdomo wa mbele na mbavu. Punguza nafasi ya mshono ibaki milimita 5, na kwenye mviringo wa kifuniko toa vipande vidogo vya pembetatu. Geuza taratibu kupitia uwazi. Ngozi bandia ikiwa baridi na ngumu, iache kwanza sehemu ya joto ilegee.

Mishono iliyogeuzwa haitalala kwa pasi. Ibonyeze kwa vidole, ibane kwa vibanio, kisha ishindilie kwa mshono wa juu, milimita 4 kutoka ukingoni, hatua ya milimita 4.

Sasa jaza mkoba nguo mpaka ukae kama utakavyotumika, funga kifuniko bila kukivuta, na upake chaki kwenye sumaku iliyopo. Ikibonyezwa mbele itaacha alama yake: hapo ndipo pa kufunga nusu ya pili, mkono ukipita kwenye uwazi wa bitana. Anayepima mkoba ukiwa mtupu huweka sumaku chini mno, na akitia vitu kifuniko hakifiki. Kwa njia hiyohiyo ya uwazi teleza kipande cha plastiki ngumu cha sm 23 kwa 5 chenye kona za mviringo kati ya bitana na kitako, ukishikishe kwa utepe wa gundi wa pande mbili, kisha ndipo uuzibe uwazi kwa mkono.

Cheni

Kwa kuvaa begani, kata sm 110 hadi 120, na uifunge kwenye pete za D kwa kulabu ili iweze kutoka. Cheni ya alumini ni nyepesi lakini baadhi huacha weusi kwenye nguo. Isugue kwa kitambaa cheupe kabla ya kununua. Ukitaka ukanda wa ngozi upishane ndani ya cheni, uwe mrefu kuliko cheni kwa theluthi angalau, na upitishe kila baada ya pete bila kuuzungusha, uso wa ngozi ukitazama nje muda wote. Shona miisho ya ukanda kwa mkono kwenye pete ya mwisho. Gundi peke yake haishiki hapo, kwa kuwa cheni inatikisika kila hatua unayopiga.

Na ule mkoba wa kwanza usiutupe. Fumua bitana ya kifuniko, toa kitambaa kigumu kwenye mgeuko, punguza bitana kwa sm 0.8 na ukishone tena kwenye matundu yaleyale ya zamani. Kifuniko kitalala. Pembe za chini ndizo hazitengenezeki bila kubakiza mstari wa matundu unaoonekana, kwa hiyo hizo ziache.